Dakika Tano za Enanga: Víctor Jara, Byron Kawadwa na Sisi wa Kagera

Jumamosi moja nilikuwa Kamachumu, wilaya ya Muleba, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa ukoo wetu. Wenzangu mlioko Dar mnazijua sherehe hizi zilivyo, na huku kwetu Kagera hatuko nyuma: maturubai, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, maspika makubwa kama makabati, na MC anayeongea mpaka unajiuliza anapumua saa ngapi. Kwenye ratiba, kati ya keki na zawadi, kulikuwa na mstari mmoja umeandikwa: "Enanga, dakika 5."

Kwa wasomaji wasio wa huku, enanga ni ala ya jadi ya Wahaya. Ni ubao mrefu uliochimbwa kama sinia, wenye nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi, akaimba habari za watawala, mashujaa, wapenzi na wakorofi wa zamani, huku wasikilizaji wakimwitikia. Ni wimbo, ni hadithi, na ni maigizo ya mtu mmoja. Sauti ya mfalme anaitoa yeye, na sauti ya mke wa mfalme anaitoa yeyeyule. Prof. M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia miaka mingi kuzichunguza tungo hizi, akiwafuata wapigaji kama marehemu Habibu Selemani, na akaonyesha kwamba ni tendi kamili, wakati ambapo wasomi fulani wa Ulaya walikuwa wamekwishaandika kwamba Afrika haina utendi.

Sasa niambie, utendi unaimbwaje kwa dakika tano?

Mzee alianza. Alikuwa bado anatutajia shujaa ni wa ukoo gani pale MC aliposhika kipaza sauti na kusema, "Asante sana mzee wetu, makofi tafadhali!" DJ akafungulia muziki. Mzee hakugomba. Alibeba enanga yake, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia migombani. Nikaona wazee sita au saba wanainuka mmoja mmoja na viti vyao, wanamfuata. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Na mimi nikaenda.

Huko hapakuwa na spika wala jukwaa. Kulikuwa na taa moja ya sola iliyoning'inizwa kwenye mgomba, na pombe ya ndizi kwenye dumu. Mzee akaanza upya, tangu mwanzo. Wale wazee wakawa wanaitikia, wanamchokoza, wanamkumbusha jina alilolisahau, wanacheka mahali ambapo walijua kicheko kinakuja. Nilipoangalia simu yangu ilikuwa imepita saa nzima na dakika ishirini.

Wakati tunarudi nyumbani kwa miguu nikamwambia baba mdogo kwamba nimefurahi. Akatembea kimya kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, umezoea kuona nyimbo zinachezewa kwenye sherehe. Mimi nimeona wimbo ukimuua mtu."

Nilidhani ni maneno ya pombe ya ndizi. Haikuwa hivyo.

Baba mdogo alikuwa Kampala miaka ya 1970. Hilo si jambo la ajabu kwa watu wa kwetu. Wahaya wamekuwa wakienda Buganda kufanya kazi na biashara tangu enzi za Mwingereza, na kwa wazee wengi wa Bukoba, Kampala ilikuwa karibu zaidi kuliko Dar es Salaam kwa kila hali: kwa barabara, kwa lugha, hata kwa nauli. Akiwa kijana aliona kwenye Jumba la Taifa la Maonyesho pale Kampala mchezo wa muziki kwa Kiganda ulioitwa Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Wankoko, kazi ya Byron Kawadwa. Akazishika baadhi ya nyimbo zake kichwani. Mwaka 1977 Kawadwa akauawa na watu wa Idi Amin. Baba mdogo akafunga mizigo, akarudi Muleba. Kaka yake mkubwa, yaani baba yangu, akamwambia zile nyimbo za Kampala asiziimbe tena mbele za watu, kwa sababu mpaka uko karibu na masikio ni mengi. Naye akatii.

Basi, mimi ni mwandishi wa habari. Kesho yake nikiwa mjini Bukoba nikaingia kwenye intaneti kutafuta. Nikaandika kitu kama "mwanamuziki na mtu wa jukwaa aliyeuawa na wanajeshi miaka ya 1970." Na hapa ndipo palipo kiini cha makala hii, ndugu msomaji. Jina lililokuja mbele halikuwa la mtu wa Kampala. Lilikuwa la mtu wa Chile, Amerika Kusini, na lilikuja na picha, filamu, vitabu, hukumu za mahakama na nyimbo zisizo na idadi. Kawadwa wetu, aliyeishi ng'ambo tu ya mpaka, nilimpata baadaye sana, kwa mistari michache.

Nikajiuliza: kwa nini mmoja anakumbukwa na dunia nzima, na mwingine hata jirani zake hawamjui?

Tuanze na yule wa Chile. Anaitwa Víctor Jara, na kwa Kihispania jina hilo linasomwa "Hara." Alizaliwa tarehe 28 Septemba 1932 katika familia ya wakulima maskini wasio na ardhi yao wenyewe. Kule Chile kulikuwa na mashamba makubwa ya mabwana, na familia kama ya kina Jara zilipewa kibanda na kipande cha kulima kwa masharti ya kumfanyia kazi bwana. Mtu wa Kagera akisoma hayo hahitaji mkalimani. Sisi tulikuwa na nyarubanja, ambapo mtu aliishi na kulima kwenye shamba la mkubwa, akimlipa ushuru na heshima, na mzee wake akifa hana uhakika kama watoto watabaki. Ilibidi Bunge la Tanzania litunge sheria mwaka 1965, na nyingine mwaka 1968, ndipo watwana wa nyarubanja wakawa huru na migomba yao. Na Chile nao walipitisha sheria yao kubwa ya mageuzi ya ardhi mwaka 1967. Miaka ileile, tatizo lilelile, pande mbili za dunia.

Mama yake Jara, Amanda, alikuwa mwimbaji wa kijijini, wa kuitwa kwenye harusi na kwenye mikesha ya misiba. Kwa huyo mama ndiko mtoto alikojifunzia kwamba wimbo una kazi. Baadaye Jara alikwenda Santiago, akasomea sanaa za maonyesho, akawa mwongozaji wa tamthilia wa kuheshimika katika Chuo Kikuu cha Chile. Watu wengi wanaomjua kwa gita hawajui kwamba kwa miaka mingi kazi yake hasa ilikuwa jukwaa. Akawa anazunguka vijijini kukusanya nyimbo za wakulima, akaingia katika kundi la vijana waliokuwa wakiujenga upya muziki wa jadi wa nchi yao, njia iliyofunguliwa na mama mmoja hodari aitwaye Violeta Parra. Polisi walipowaua maskini waliokuwa wamejenga vibanda kwenye ardhi tupu huko Puerto Montt, Machi 1969, Jara alitunga wimbo uliomtaja waziri mhusika kwa jina, akauimba hadharani. Mwaka 1970 aliimba katika kampeni za Salvador Allende, aliyeshinda urais mwaka huohuo.

Naomba uishike tarehe hii: 5 Desemba 1972. Siku hiyo Jara aliongoza onyesho kubwa la nyimbo, ngoma na maigizo kumpongeza mshairi Pablo Neruda, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda Tuzo ya Nobel. Halikufanyika ndani ya ukumbi wa wenye tiketi za bei mbaya. Lilifanyika Estadio Nacional, uwanja wa mpira wa taifa, chini ya anga. Fikiria Kaitaba yetu pale Bukoba, au Uwanja wa Mkapa, unajaa watu waliokuja kuangalia ushairi.

Miezi tisa baadaye, tarehe 11 Septemba 1973, jeshi likampindua Allende. Uwanja uleule wa taifa ukageuzwa gereza. Jara alikamatwa kesho yake pamoja na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Ufundi alikokuwa akifanya kazi, akapelekwa kwenye uwanja mwingine mdogo wa ndani, Estadio Chile, uliojaa maelfu ya mateka. Huko walimtesa na kumvunja mikono. Humohumo akaandika shairi lake la mwisho kwenye vipande vya karatasi, na wenzake wakalitoa nje kwa siri. Tarehe 16 Septemba wakampiga risasi. Uchunguzi wa mwili uliofanywa mwaka 2009 ulihesabu majeraha ya risasi zaidi ya 40. Mke wake, Joan, alimtambua chumba cha maiti na kumzika kimyakimya, karibu bila watu.

Ingeweza kuishia hapo. Wale askari bila shaka walifikiri imeishia hapo. Lakini Joan alitoka nje ya nchi na kanda za nyimbo, akazunguka dunia akisimulia, na mwaka 1983 akachapisha kitabu cha maisha ya mumewe. Wanamuziki wa nchi nyingine wakaziimba zile nyimbo. Vikundi vya maigizo vikayaweka maisha yake jukwaani, na mara nyingi jukwaa lenyewe likawa bustani, kiwanja au barabara. Huko Wales, katika mji mdogo wa Machynlleth, lilianzishwa tamasha la kumuenzi mwaka 2005. Uwanja aliofia ulipewa jina lake, Estadio Víctor Jara, miaka 30 baada ya kifo chake. Mwaka 2009 watu maelfu wakamzika upya, safari hii mchana kweupe. Na Oktoba 2019, watu wa Chile walipofurika mitaani kupinga ugumu wa maisha, mamia ya watu walikusanyika na magita yao katikati ya Santiago wakaimba pamoja wimbo wake wa mwaka 1971 juu ya haki ya kuishi kwa amani.

Na mahakama je? Mwaka 2016 baraza la mahakama huko Florida, Marekani, lilimkuta ofisa wa zamani wa jeshi, Pedro Barrientos, anawajibika kwa kifo hicho. Mwaka 2018 mahakama ya Chile ikawatia hatiani wanajeshi wastaafu, na Agosti 2023 Mahakama Kuu ya juu kabisa ikathibitisha. Novemba mwaka huo Joan akafariki akiwa na miaka 96. Desemba, Barrientos akarudishwa Chile. Miaka 50, ndugu zangu! Mimi sio mwanasheria, lakini najua kesi haikai hai miaka 50 kwa nguvu ya mafaili. Ilikaa hai kwa sababu kila kizazi kiliimbiwa, na kikaimba, na kikauliza tena.

Sasa turudi nyumbani, kwa Byron Kawadwa.

Huyu naye alikuwa mtu wa jukwaa na nyimbo, na lugha yake ilikuwa ya watu wa kawaida, Kiganda. Katika Kampala ya miaka ya 1960 tamthilia nyingi zilizohesabiwa kuwa za maana zilikuwa za Kiingereza, kwa ajili ya wasomi na wageni. Kawadwa na wenzake waliwajaza mafundi, wauza duka na makarani kwenye viti vilevile, kwa sababu walichokuwa wakikisikia ni lugha na muziki wao. Oluyimba lwa Wankoko, ambao muziki wake ni wa Wassanyi Serukenya, ni mchezo juu ya ufalme na tamaa ya madaraka. Waganda waliouangalia waliona ndani yake mambo ya mwaka 1966, pale Milton Obote alipomng'oa Kabaka. Lakini ndivyo ilivyo kazi nzuri ya sanaa: kila mnyang'anyi wa madaraka akiitazama anajiona yeye.

Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maonyesho. Mwanzoni mwa 1977 Uganda iliupeleka mchezo wake Lagos, Nigeria, kwenye FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Januari na Februari mwaka huo. Hebu fikiria heshima hiyo. Alirudi Kampala, na muda mfupi baadaye watu wa Amin wakamchukua, wakamuua. Mwezi Februari huohuo aliuawa pia Askofu Mkuu Janani Luwum. Kifo cha askofu kilitikisa dunia. Kifo cha mtunzi wa nyimbo kilipita pembeni yake.

Na sisi wa Kagera haya si mambo ya mbali. Utawala uliomuua Kawadwa ndio uliovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, ukaingia Missenyi na Kyaka, ukapora, ukaua, ukatangaza kwamba ardhi yetu mpaka mto Kagera ni ya Uganda. Tunaijua vita hiyo. Shuleni tunafundishwa tarehe yake, na kwamba Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Lakini nani alitufundisha kwamba mwaka mmoja na nusu kabla ya mizinga kulilia Kyaka, mtunzi wa nyimbo alikwishauawa Kampala? Watawala wa namna ile wakishawanyamazisha waimbaji wao, wanawatafuta majirani. Wazee wetu kama baba mdogo waliiona dalili. Hawakuwa na mahali pa kuisemea.

Kuna kisa cha tatu cha zama hizohizo, kimetokea Kenya, nacho kinaeleza wenye nguvu wanaogopa nini hasa.

Mwaka 1977 katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walijenga wenyewe jukwaa la wazi, lenye nafasi ya watu kama 2,000. Walianza na madarasa ya kisomo cha watu wazima, wakifuata mawazo ya Paulo Freire wa Brazil, kwamba mtu mzima anajifunza kusoma kwa kuyajadili maisha yake. (Huyo Freire alifika hata Dar es Salaam mwaka 1971. Amerika Kusini haikuwa mbali na sisi kama tunavyodhani.) Kutoka kwenye madarasa hayo ukazaliwa mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kikuyu, umejaa nyimbo na ngoma za wanakijiji, juu ya mkulima anayenyang'anywa kishamba chake. Wanakijiji waliusahihisha wakati wa mazoezi: hapana, mzee hasemi hivyo, hapana, wimbo huo hauimbwi hivyo.

Mchezo ulianza tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta kibali. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka. Kumbuka kwamba alikuwa amekwishaandika riwaya kali kwa Kiingereza, tena Petals of Blood ilitoka mwaka huohuo wa 1977 na ikazinduliwa mbele ya waziri! Riwaya haikumfunga. Kilichomfunga ni wimbo wa kijijini, kwenye uwanja usio na ukuta.

Wanakijiji hawakukoma. Mwaka 1981 wakaanza mazoezi ya Maitũ Njugĩra, mchezo wa muziki wenye nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya. Mwezi Februari 1982 wakafungiwa mlango wa Kenya National Theatre. Wakahamishia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu wakaja kuangalia mazoezi hayo. Tarehe 12 Machi 1982 polisi wakaenda Kamĩrĩĩthũ, wakaubomoa ule ukumbi wa wazi hadi chini. Ngũgĩ aliishi uhamishoni miaka mingi na amefariki mwezi Mei 2025, akiwa Marekani.

Ukiviweka visa hivi vitatu pamoja unaona jambo moja. Kitabu kinasomwa na mtu mmoja, chumbani, amefunga mlango. Wimbo wa uwanjani unaitikiwa. Mwimbaji anaanza, na watu elfu wanamalizia, halafu wanageuka kutazamana na kugundua kuwa kumbe wote wanaujua. Hapo ndipo mkubwa anapokosa usingizi.

"Sawa," utasema, "lakini Tanzania hatujawahi kumuua mwimbaji kwa ajili ya mchezo wa kuigiza." Ni kweli, na tushukuru. Sisi tulikuwa hata na serikali iliyopenda sanaa: ngonjera, vikundi vya ngoma, Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu kama Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakazungumza matatizo ya vijana, kisha wanakijiji wenyewe wakayacheza kwa ngoma na maigizo uwanjani na kuyajadili. Hapo ni ng'ambo tu ya ziwa letu.

Lakini kuna njia nyingine ya kumnyamazisha mwimbaji, na haihitaji bunduki. Unampa dakika tano kati ya keki na zawadi.

Niliporudi Muleba wiki zilizofuata niliwauliza vijana kadhaa pale Kamachumu, wengine wana digrii: unamjua Ali Migeyo? Mmoja tu alisema jina hilo aliwahi kulisikia kwa babu yake. Mzee Ali Migeyo alikuwa mwanaharakati wa TAA, kabla TANU haijazaliwa. Mwaka 1953, hapohapo Kamachumu, polisi wa kikoloni waliuvunja mkutano wa hadhara kwa mabomu ya machozi, wakati wananchi wamekasirishwa na amri za serikali juu ya migomba yao. Migeyo akafungwa. Maisha yake yaliandikwa na Gelase Mutahaba katika kitabu kilichotoka mwaka 1969. Hadithi hii ina kila kitu ambacho mpiga enanga anakihitaji: shujaa, mtawala mkali, shamba, moshi, gereza, na kurudi nyumbani. Tena ina uwanja wake tayari. Chile wangekuwa wameichezea hapo kila mwaka.

Hata jina la uwanja wetu mkubwa linatusuta. Kila Kagera Sugar wanapocheza nyumbani tunasema "Kaitaba." Wangapi kati yetu tunajua kwamba Kaitaba ni mtawala wa zamani ambaye habari zake zinaimbwa kwenye enanga? Watu wa Santiago waliupa uwanja jina la mwimbaji ili wasimsahau. Sisi tuna uwanja wenye jina litokalo kwenye wimbo, na tumeusahau wimbo.

Najua wapo watakaosema nataka kugeuza sherehe za watu kuwa darasa la historia. Hapana. Mimi mwenyewe nilicheza muziki wa DJ siku ile mpaka viatu vikaniuma, na Saida Karoli alipoivuma nchi nzima mwaka 2001 kwa nyimbo za kwetu nilikuwa mtoto niliyeziimba njia nzima kwenda shule. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Kagera anapaswa kupata walau usiku mmoja kwa mwaka, uwanjani, bure, aone wazee wake na vijana wenzake wakimcheza Migeyo kwa enanga na ngoma. Amwone na Kawadwa pia, kwa sababu mpaka uliwekwa na Mwingereza na Mjerumani, haukuwekwa na nyimbo. Na amwone Víctor Jara, mtoto wa mtwana wa nyarubanja ya Chile. Haihitaji mfadhili. Kamĩrĩĩthũ walijenga kwa miti na mikono yao. Kamachumu miti ipo na mikono ipo.

Wapigaji wa enanga ninaowajua mimi wote ni wazee. Kila mmoja anapoondoka, anaondoka na saa nyingi za habari ambazo hazikuandikwa popote.

Jioni moja nilimpelekea baba mdogo yale niliyoyapata. Nikamsomea juu ya Jara, ule uwanja, ile mikono, na mke aliyesubiri miaka 50. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono yake magotini. Kisha akauliza: "Na huyu Kawadwa, hukupata kesi yake?" Nikasema sikupata kitu cha namna hiyo. Akatikisa kichwa.

Mama mdogo alikuwa anachambua maharage mlangoni. Watoto walikuwa wanacheza uani. Baba mdogo akaanza kuimba kwa Kiganda, kwa sauti ya chini kidogo ya ile ya kuongea, wimbo aliourudisha nao kutoka Kampala. Mama mdogo aliinua uso akamtazama. Wameoana miaka zaidi ya 40 na alikuwa hajawahi kuusikia. Alipofika mahali fulani akasimama, akajaribu tena, akasimama tena palepale.

"Hapa," akasema, "ndipo wale wengine walipokuwa wanaitikia."

Nilikuwa nimewasha kinasa sauti cha simu. Nimemrekodi dakika 11, na Jumapili naenda tena.